Mbuzi Walioongezwa Robo

Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, shangazi mmoja wa msichana tuliyekwenda kumposa aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki, akanyoosha kidole upande wa kushoto wa skrini yangu, kisha upande wa kulia, akauliza mbele ya watu wapatao sitini: "Na hapa, na hapa, mbona hamkujaza?"

Nimeulizwa maswali mengi kuhusu projekta. Nimeulizwa kwa nini inapiga kelele, kama inakula umeme mwingi, na kama inaweza kuonyesha mpira bila kulipia. Hilo la shangazi sikuwa nimelitarajia, na mimi ni mtu anayejaribu kutarajia.

Kwa kuzaliwa mimi ni wa Kanyakine. Kwa kodi ya nyumba mimi ni wa Majimbo, hapa Embu. Shuleni niliishia kidato cha nne. Mengine niliyoyajua baadaye niliyapata katika vile vijitabu vinavyokuja na mashine, ambavyo watu wengi huvitupa pamoja na boksi. Nilianza na redio, nikaenda kwenye televisheni, na nilipofikisha miaka arobaini na minne nikanunua projekta ya sinema iliyotumika, kutoka kwa ukumbi mmoja wa Nairobi uliokuwa unafungwa. Ina uzito wa wanaume wawili wazima na inahitaji bomba la kutoa joto kama jiko la hoteli. Niliiweka katika ghala la zamani la mahindi, nikapanga viti themanini, nikaanza kuonyesha filamu siku za Ijumaa na Jumamosi.

Mashine ile ilikuwa na udhaifu wa aina mbili: mwanga na umbo. Nilikaa nao muda mrefu kabla ya kugundua kwamba ulikuwa ni udhaifu mmoja.

Ndani ya projekta ya sinema kuna chipu ndogo, na juu yake vioo vidogo visivyohesabika kwa macho. Taa inapiga vile vioo, vioo vinarusha picha kupitia lenzi. Upana wa chipu hiyo ni pungufu kidogo ya mara mbili ya kimo chake. Lakini filamu nyingi kubwa ni pana zaidi ya hapo. Ukitaka picha pana ienee kwenye chipu isiyo pana vya kutosha, lazima uzime utepe mmoja juu na mwingine chini. Vioo vya sehemu hizo vinalala. Taa haijui kwamba vimelala, inaendelea kuviangazia. Nilipopiga hesabu niliona kwamba katika kila sehemu tano za mwanga nilioulipia, moja ilikuwa inaangazia kitu kilichozimwa. Nikakosa raha. Kuna watu wanaoweza kulala wakijua hivyo. Mimi siwezi.

Dawa yake ipo, na wenye kumbi kubwa wanaijua. Kwanza unairefusha picha kwenda juu mpaka ijaze chipu yote, watu ndani yake wanakuwa warefu na wembamba kama kivuli cha jioni. Kisha mbele ya lenzi ya kawaida unaweka lenzi ya pili, inayotanua picha upande kwa upande tu, mara moja na robo. Watu wanarudia umbo lao, vioo vyote vimefanya kazi, na mwanga haupotei. Ilinichukua miezi kumi na minne kuipata lenzi hiyo, na mwezi mwingine kuifungia kwenye reli za droo nilizozitoa kwenye dawati bovu. Filamu ikiwa pana, naisukuma lenzi mbele. Ikiwa si pana, naivuta kando. Kabla ya kila onyesho naweka picha ya kifuniko cha sufuria, na kama kifuniko si duara, sifungui mlango.

Usiku wa kwanza wa lenzi hiyo nilisimama nyuma nikingoja watu washangae. Mteja mmoja tu alisema kuna kitu kimebadilika. Alidhani ni viti.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, maana shangazi bado amesimama.

Dada yangu aliolewa Kangeta, na mwanawe, anayeuza miraa pale sokoni, alipendana na muuguzi wa hapa Embu. Wazazi wa msichana hawakuwa wagumu, ila walikuwa na utaratibu. Tulikwenda mara ya kwanza na kifungu cha miraa cha kuombea msichana, kilichofungwa vizuri kwa ganda la mgomba, tukafika baada ya chakula cha mchana. Wakakipokea kifungu, wakaturudisha sisi. Mara ya pili tulifika mapema, lakini badala ya mbuzi tulibeba thamani yao kwenye bahasha, kama watu wengi wanavyofanya siku hizi. Baba mkubwa wa msichana, aliyekuwa msemaji wao, aliishika bahasha, akaiweka sikioni, akatuambia, "Nimesikiza sana. Hii haijalia hata mara moja."

Walitaka mbuzi kumi na wawili wa kwanza waonekane kwa macho kabla neno la kukubaliwa halijatamkwa. Na wakasema wazi kwamba watatupikia mara moja zaidi, hawatatupikia mara ya nne. Ikishindikana safari ya tatu, mazungumzo yamekwisha, kila mtu atafute kwingine. Mpwa wangu alikonda. Dada yangu alikuwa ananipigia simu kila asubuhi kabla hajakamua.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, karantini ya mifugo ikatangazwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Hakuna mbuzi kutoka Kangeta ambaye angefika Embu isipokuwa kama nyama.

Msemaji wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, jirani ya dada yangu, mtu anayeongea kana kwamba kuna ubao nyuma yake. Ndiye aliyependekeza mbuzi wapigwe video na wapelekwe hivyo, wenyewe wafuate karantini ikiisha. Wa upande wa msichana walikubali kwa sharti moja. Baba mkubwa alinipigia mimi moja kwa moja, kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Video sawa. Lakini si ya simu," alisema. "Mimi siwezi kukagua mbuzi saizi ya kiroboto. Tunataka kuona mbuzi saizi ya mbuzi. Na iwe mchana, wazee hawatembei usiku."

Nilipokata simu nilikwenda ghalani kuitazama projekta. Kwa miaka yote nilikuwa nimeng'arisha picha kwa ajili ya watu wanaokula bisi. Sasa kwa mara ya kwanza ilihitajika picha angavu mchana, yenye vipimo vya kweli, na ndoa ya mtoto wa dada yangu ilikuwa juu yake. Sikumdai mtu chochote. Ningeweza hata kulipa ili niifanye.

Ijumaa mchana tuliipakia projekta kwenye pikapu, tukaipeleka kwenye boma lao nje kidogo ya mji. Hema nililizungushia ile nailoni nyeusi ya kufunikia sileji, lishe ya ng'ombe inayovundikwa, tabaka mbili, na mlango nikauwekea pazia. Jenereta niliiweka nyuma ya zizi. Nilipima mwanga kwenye skrini kwa kipimo changu cha mkononi, sehemu tisa, nikaandika. Nilijaribu lenzi ikiwa mbele na filamu pana, kifuniko cha sufuria kikawa duara. Nilivuta lenzi kando na kuweka video ya simu, ambayo umbo lake linakaribia la chipu, kifuniko kikawa duara tena. Niliwaza kwamba hakuna kilichobaki cha kuharibika.

Video ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Mwalimu alikuwa amesimamia kazi kama mtihani wa taifa. Kila mbuzi alipitishwa peke yake mbele ya ukuta mweupe wa stoo, ubavu ukitazama simu, akasimamishwa kando ya ndoo ya njano, na namba yake imeandikwa ukutani kwa chaki.

Siku yenyewe tulifika kabla ya chai. Karibu na saa tano tukazima taa za hema na mbuzi wa kwanza akatokea, saizi ya mbuzi. Wazee waliguna kwa kuridhika. Mmoja wa mbele alinyoosha fimbo kumgusa.

Upande wa msichana ulikuwa umemleta mtaalamu wake. Alikuwa mwenye bucha wa mjini, Mwislamu mtu mzima aliyezaliwa na kukulia Embu, jirani yao wa siku nyingi, na watu wote walimwita Alhaji. Sifa yake ni kwamba haitaji mizani. Anamtazama mnyama akiwa hai, anataja kilo, na akishachinjwa mizani inakuja kuthibitisha tu.

"Ya kwanza," akasema Alhaji, mikono nyuma. "Ishirini na nne."

Katibu wao akaandika. Wa pili akapita. "Hii pia ishirini na nne. Labda na robo, kama imekunywa maji."

Ndipo shangazi akainuka na swali lake.

Mtu ambaye hajakaa kwenye vikao hivi anaweza kuona swali hilo ni la mtu asiyejua sinema. Hapana, lilikuwa la mtu anayejua mahari. Chombo chochote kinachopelekwa kwa wakwe, kiwe cha asali, cha uji au cha pombe ya miwa, hupelekwa kikiwa kimejaa mpaka shingoni. Ukipeleka pungufu, umewaambia kwamba msichana wao ni wa kiasi hicho. Na mimi, kwa kuheshimu umbo la mbuzi, nilikuwa nimeleta skrini ya filamu pana na kuweka picha isiyo pana katikati. Kila upande palibaki mlingoti mweusi wa upana wa mlango. Machoni pangu hiyo ilikuwa picha sahihi. Machoni pao kilikuwa kibuyu kisichojaa.

"Tunaonyeshwa mbuzi ama tunaonyeshwa giza?" shangazi akaendelea. Wanawake wa upande wake wakacheka.

Baba mkubwa alikohoa. "Hiyo nguo ya sinema mlileta wenyewe, hatukuwapimia. Sasa mbuzi zimekaa hapo katikati tu. Hizo za kando mliziacha Kangeta?"

"Labda ziko karantini!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na hema zima likacheka, isipokuwa sisi.

Nilimwona mpwa wangu akitazama viatu vyake. Mwalimu alikuja kwangu akitembea pole pole, kama mtu asiye na haraka, akainama sikioni mwangu.

"Jaza."

"Mwalimu, hivi ndivyo sawa. Nikijaza nitaharibu mbuzi."

"Utawaharibu vipi?"

"Watanenepa."

Alinitazama vile mtu anavyomtazama mtoto anayelalamika kwamba nyama imezidi. "Fundi," akasema, "jaza."

Niliisukuma lenzi. Reli za droo ziliteleza vizuri kabisa, jambo ambalo lingenifurahisha siku nyingine yoyote. Picha ikafunguka kushoto na kulia, milingoti ikatoweka, na mbuzi wa tatu, aliyekuwa anapita wakati huo, akanyooka kama mkate unaoumuka.

"Eeeh!" hema likasema.

"Sasa hiyo ni mbuzi," akasema baba mkubwa.

"Hata taa imeongezeka," shangazi akasema, akaketi.

Taa haikuwa imeongezeka. Nilikuwa na kipimo mkononi. Lenzi ile huokoa mwanga pale tu picha inaporefushwa kwanza kwenye chipu, na picha ya simu haikuwa imerefushwa. Mwanga ule ule ulikuwa umetandazwa kwenye eneo pana zaidi la skrini, ukapungua sehemu moja katika tano. Mwanga ulipungua, mbuzi wakaongezeka, na kila mtu akasifu mwanga. Niliandika namba hiyo kwenye daftari langu kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Alhaji ndiye pekee ambaye hakuguna. Alisogea mbele.

"Ya tatu. Thelathini." Akapangusa macho. "Ya nne. Thelathini." Wa tano alipotokea aliinua mkono. "Fundi, hebu rudisha ile ya kwanza."

Niliirudisha. Mbuzi wa kwanza alisimama pale kando ya ndoo iliyokuwa imefutuka kama karai, mrefu wa mwili, mnene wa shingo, ameridhika.

"Thelathini," akasema Alhaji. Akageuka akatazama watu. "Dakika tano zilizopita hii mbuzi ilikuwa ishirini na nne. Mimi nauliza tu. Imekula nini?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha upande mmoja, lakini kiliisha haraka. Mwalimu akasimama.

"Alhaji, unajua macho yakitoka kwenye jua huchukua muda kuzoea giza. Wale wawili wa kwanza uliwatazama na macho ya nje."

Alhaji alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na maelezo yalikuwa na sura ya sayansi. "Inawezekana," akasema. "Kwanza niko na sukari, macho yangu si ya zamani." Akamwambia katibu, "Andika thelathini kwa zote."

Tukaendelea mpaka wa kumi na mbili. Kila mmoja akatajwa thelathini, isipokuwa wa tisa, aliyetajwa thelathini na mbili. Taa za hema zikawashwa. Baba wa msichana, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alishika magoti yake tayari kuinuka, na sote tulijua kwamba akiinuka ni kutamka kwamba wamekubali.

Hapo ndipo nilipoona siwezi.

Sisemi hivi kujisifu. Kama Alhaji angelaumu giza la hema peke yake, labda ningenyamaza. Lakini alisema macho yake si ya zamani. Mtu aliyejenga jina lake kwa jicho moja sahihi alikuwa amelishtaki jicho hilo mbele ya majirani, na jicho halikuwa na kosa. Lilikuwa limepima mbuzi wa kwanza sawa, na limepima mashine yangu sawa vilevile. Ishirini na nne mara moja na robo ni thelathini. Hakuna kipimo kwenye duka lolote ambacho kingenipa jibu safi kuliko hilo. Kwa upande mwingine palikuwa na mpwa wangu, na safari ya nne ambayo haikuwepo. Nilijua kwamba nikisema, baba wa msichana huenda akarudi kukaa, na kijana angerudi Kangeta bila mke kwa sababu ya lenzi ya mjomba wake.

Nilisimama hata hivyo. Sikuwa nimezima projekta, kwa hiyo nilisimama mbele ya skrini na mbuzi wa kumi na mbili akanikalia kifuani.

Lugha ya kikao ilikuwa Kiswahili, kwa sababu Kimeru chetu na Kiembu chao vinafanana vya kutosha kuleta ugomvi. Msemaji wa kila upande alikuwa anawatafsiria wazee wake. Nilichagua maneno machache, ya kawaida, yasiyo na ufundi ndani yake, ili yasipotee njiani.

"Wazee wangu," nikasema, "mnisamehe. Siwezi kukaa kimya. Hizi mbuzi mnaona hapa, mimi nimeziongeza robo."

Baba mkubwa alinitazama, akageuka akawaambia wazee wake kwa Kiembu. Wazee wakatazamana. Akanigeukia.

"Umeziongeza?"

"Nimeziongeza."

"Robo nzima?"

"Robo nzima. Penye nne, mimi nimeweka tano."

Akatafsiri tena. Safari hii mzee mmoja alivua kofia.

"Na hii," akauliza taratibu, "ni jamaa yote ya Kangeta wamekubaliana, ama ni wewe?"

Nilimwona mwalimu akitikisa kichwa kwa nguvu. Nilidhani ananizuia nisiwaponze, nami sikukusudia kuwaponza. "Hawa hawana makosa," nikasema. "Hata hawakujua. Ni mimi peke yangu, mjomba wa kijana. Nimefanya kwa mkono wangu, hapa hapa, saa hii."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule shangazi. Vingine vikafuata mpaka nailoni ya sileji ikatetemeka. Baba wa msichana aliinuka, akaja mpaka mbele, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yalikuwa na maji.

"Muthoni," akasema. Ndivyo tunavyomwita mkwe, pande zote mbili. "Mara ya kwanza nilisema hawa ni watu wa kuchelewa. Mara ya pili nikasema ni watu wa bahasha. Leo nimeona watu."

Nilipeana mikono na wazee watatu kabla sijaelewa. Wa tatu alinipongeza kwa hesabu. "Kumi na mbili na robo yake," akasema, "ni kumi na tano. Hata haibaki kitu." Nyuma yake katibu alikuwa amekata kumi na mbili kwa rula na anaandika kumi na tano.

"Hapana," nikasema, "mimi nilikuwa nasema lenzi..."

Mwalimu alikuwa amefika. Alinikanyaga mguu, si kidogo, huku akitabasamu kwa watu.

"Ukiongea tena," akaniambia kwa Kimeru, bila kufungua meno, "utaongeza nusu."

Mpwa wangu alikuwa bado amekaa. Hakuwa anacheka wala kulia, alikuwa anapumua, kama mtu aliyetua gunia na bado hajanyoosha mgongo. Msichana akaletwa nje ya nyumba na dada zake, akapita mbele ya skrini, na kwa sekunde moja alikuwa na mbuzi begani. Akaulizwa kama sisi anatujua. Akasema anatujua. Akaulizwa kama chakula chetu kiliwe. Akasema kiliwe, maana yake amekubali.

Nilikaa. Nilijiambia kwamba ukweli nimeusema, wote, kwa maneno mafupi, na mbele ya mashahidi sitini. Sijui mtu anafanya nini zaidi ya hapo. Chakula kilikuwa kizuri na nyama ilikuwa nyingi, na Alhaji aliketi kando yangu akitafuna bila kuniangalia.

"Fundi," akasema baadaye, "kuna neno moja linanisumbua. Ile ndoo."

"Ndoo gani, Alhaji?"

"Ile ya njano. Mimi nanunua mafuta ya kupikia na ndoo kama ile kila mwezi. Mdomo wake ni duara." Akachukua kipande kingine. "Basi tu. Hawakuniita kupima ndoo."

Karantini ilidumu miezi miwili. Ilipoondolewa nilikwenda Kangeta mwenyewe, nikawachagua mbuzi watatu sokoni, na muuzaji alipoona ninavyowapima kwa kamba kifuani aliniuliza kama nawashonea nguo. Siku ya kuwapeleka nilipanda nao kwenye lori, kumi na tano, mpaka kwenye lile boma.

Alhaji alikuwa langoni. Aliwaacha wapite mmoja mmoja kama alivyofanya kwenye hema, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na karatasi yenye mchoro wa chipu na lenzi, na nilikuwa tayari kumrudishia jicho lake rasmi.

"Ishirini na nne," akasema. "Ishirini na nne. Ishirini na tatu, hiyo imekunya njiani. Ishirini na nne." Alipomaliza wa kumi na tano alisimama akihesabu kwa midomo. Baba wa msichana alikuja kusimama kando yake, nami nikaitoa ile karatasi, kwa sababu mbuzi mbele yao hawakuwa wanene kama wa kwenye skrini, na mtu yeyote aliyekuwa na daftari la katibu angeweza kuona.

"Kuna shida?" baba wa msichana akauliza.

"Niliandikisha kumi na moja za kilo thelathini," akasema Alhaji. "Na moja ya thelathini na mbili. Hiyo ni mia tatu sitini na mbili. Hapa nimepata kumi na tano, kilo mia tatu hamsini na tisa. Imekosa kilo tatu. Hizo ni maji ya safari." Akanigeukia, uso wake hauna chochote. "Nyama imefika yote. Ile mashine ya huyu fundi ni ya kuaminika sana."

Baba wa msichana akafungua lango la zizi. Nilikunja karatasi yangu, nikairudisha mfukoni.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata. Waliniomba nionyeshe picha zao za utotoni, na nyingi zilikuwa za wima, zilizopigwa kwa simu iliyosimamishwa. Nilikata skrini ndogo ya wima usiku kucha, ili lisibaki giza hata upana wa kidole. Lenzi niliiacha nyumbani.

Mbuzi watatu, kwa shilingi elfu nane na mia mbili kila mmoja, kibali cha kuwasafirisha, na sehemu yao kwenye lori: hasara yangu yote ilikuwa shilingi elfu ishirini na sita na mia tano.